Kuomba ufadhili wa uandishi wa habari za sayansi: anza na swali

Swali la msomaji: Mimi ni mwanahabari wa kujitegemea. Nina miaka minne ya kazi, redioni na magazetini, na naandika zaidi kuhusu afya na maji mijini. Shahada yangu ni ya lugha, si ya sayansi. Mwaka jana na mwaka huu niliomba ufadhili wa mwaka mzima wa uandishi wa habari za sayansi, na mara zote mbili nilijibiwa kwa mstari mmoja tu kwamba sikuchaguliwa. Je, tatizo ni shahada? Wanatafuta nini hasa? Kuna programu nyingine inayofunga maombi baada ya wiki tano. Niombe au nisubiri?

Jibu: Mwandishi mwenzangu, nianze na shahada ili tuimalize. Programu kubwa za wanahabari wa sayansi hazidai shahada ya sayansi. Ile ya Knight katika chuo cha MIT, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1983, hutaka mwombaji awe na miaka isiyopungua 3 ya kazi ya uandishi wa habari. Ya Nieman pale Harvard, iliyoanza mwaka 1938 na inayopokea wanahabari wa kila fani, hutaka miaka 5. Wanachohesabu ni miaka ya kazi. Nimeketi kwenye majopo ya uteuzi mara kadhaa na sikumbuki mwombaji aliyeachwa kwa sababu alisoma fasihi au isimu. Wanaonikaa akilini ni wale tuliowaacha, baadhi yao wakiwa na shahada za uzamili za biolojia, kwa kuwa tulimaliza kurasa zao nne bila kujua wanataka kujua nini.

Hapo ndipo na wewe ulipokwama. Ulinitumia aya ya kwanza ya pendekezo lako na kuniruhusu niinukuu: "Tangu utotoni nimeipenda sayansi. Malaria ni tatizo kubwa linaloathiri jamii, hasa wakati huu wa mabadiliko ya tabianchi. Ufadhili huu utaniwezesha kuongeza ujuzi na kuielimisha jamii kupitia kalamu yangu."

Hakuna uongo hapo, na lugha imenyooka. Ila funika jina lako, kisha weka la mwombaji mwingine yeyote. Aya inabaki vilevile. Mjumbe wa jopo ana mafaili mengi mezani. Programu ya Knight, kwa mfano, huchukua watu kama 10 tu kwa mwaka kutoka duniani kote. Mjumbe akikutana na aya ya namna hii, hana pa kukushika. Mapenzi ya sayansi kila mwombaji anayo, na nia ya kuelimisha jamii vilevile. Anachokitafuta ni swali ambalo limekukalia kichwani hadi ukaona kazi ya kila siku haikupi nafasi ya kulijibu.

Na swali unalo, ila umelificha. Ukurasa wa tatu, katikati ya sentensi ndefu, umetaja "mbu mpya wa mijini" halafu ukapita. Rudi hapohapo. Mbu huyo ni Anopheles stephensi. Kwa miaka mingi alijulikana kuwa mbu wa kusini mwa Asia na wa nchi za Ghuba, kisha mwaka 2012 akaripotiwa kwa mara ya kwanza barani Afrika, nchini Djibouti. Mwaka huo Djibouti ilirekodi wagonjwa 27 tu wa malaria. Mwaka 2020 ilirekodi zaidi ya 73,000. Mbu wa malaria waliozoeleka Afrika wengi wao huuma usiku, ndani ya nyumba, na huzaliana kwenye madimbwi. Huyu anazaliana kwenye matangi, mapipa na ndoo za maji safi, katikati ya mji. Septemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango maalumu wa kuzuia asienee zaidi barani.

Sasa tazama wewe ni nani. Umetangaza vipindi kuhusu miji ambayo maji ya bomba hayatoki kila siku, na watu wanalazimika kuyahifadhi. Yaani kwa miaka miwili umekuwa ukiripoti kuhusu mazalia ya mbu huyu bila kumtaja. Ukiniuliza kwa nini uchaguliwe wewe na si mwingine, jibu langu ni hilo. Ningeiandika aya yako hivi:

"Kwa miaka miwili nimeripoti jinsi familia za mijini zinavyohifadhi maji kwa sababu bomba halitoki kila siku. Matangi hayohayo ndiyo mazalia ya Anopheles stephensi, mbu wa malaria aliyeripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza nchini Djibouti mwaka 2012. Nataka kujua: mipango ya kupambana na malaria, iliyojengwa kwa ajili ya mbu anayeuma usiku ndani ya nyumba, inabadilishwaje kwa mbu anayezaliwa ndani ya tangi la maji ya kunywa? Na je, ongezeko la wagonjwa linalohusishwa naye ni kazi yake peke yake, au kuna mambo mengine yaliyochangia? Ili kujibu nahitaji misingi ya epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, na ya takwimu, vitu ambavyo sijawahi kupata muda wa kujifunza."

Maneno yameongezeka kidogo, lakini mwombaji amebadilika kabisa. Itazame hasa ile sentensi inayouliza kama ni mbu peke yake. Mtu akiona wagonjwa 27 wakigeuka 73,000, kishawishi ni kuandika kwamba mbu amefanya yote. Mwandishi wa habari za sayansi huzuia mkono wake na kuuliza: upimaji uliongezeka? Watu walihamahama? Dawa na vipimo viliendelea kufanya kazi? Sentensi hiyo moja inaliambia jopo kwamba huyu mtu tayari anafikiri jinsi tunavyotaka afikiri. Na ya mwisho inakiri pengo lako bila kuona haya. Waombaji wengi huficha wasichokijua. Kumbe programu hizi zimeundwa kwa ajili ya wasichokijua. Mwaka mmoja MIT au Harvard haukupi shahada. Unakupa ruhusa ya kuketi madarasani, kwenye maabara na semina, na kuuliza bila kukimbizana na saa ya kurusha taarifa. Ukijionyesha kama mtu asiyehitaji kujifunza lolote, umejijibia.

Baada ya swali, onyesha njia. Taja aina ya kozi unazotaka, taja maabara au kitengo cha chuo hichohicho kinachoshughulikia jambo lako, na useme ukitoka hapo utaandika nini na kwa ajili ya nani. Ingia kwenye tovuti ya chuo na uhakikishe kwamba kozi hizo zipo. Mwombaji anayetaja kozi iliyofutwa, au profesa aliyekwisha kustaafu, anatuambia kwamba hakufanya upekuzi ambao ndio kazi yake.

Kuhusu sampuli za kazi nitakaa kidogo, kwa sababu ndizo zinazoamua kuliko barua. Mjumbe wa jopo hasomi sampuli kama msomaji wa gazeti. Anakimbilia pale namba inapokutana na sentensi. Nikupe mfano. Oktoba 2015, wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliiweka nyama iliyosindikwa kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lenye tumbaku pia. Ukasema kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Vichwa vya habari vikalipuka: soseji ni sawa na sigara. Si kweli. Kundi lile hupima uthabiti wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari. Na asilimia 18 ya nini? Kama watu 5 kati ya 100 wangepata saratani hiyo katika maisha yao, ongezeko hilo linawafikisha karibu 6 kati ya 100. Mwandishi aliyeiweka hesabu hiyo kwenye makala yake, hata kama makala ni fupi na imetoka kwenye gazeti dogo, kwangu mimi anampita aliyeandika kurasa kumi za maneno matamu na kuiacha asilimia 18 ikining'inia peke yake.

Kwa hiyo chagua sampuli kwa jicho hilo. Ile makala yako ndefu ya mahojiano na waziri, iache. Kipindi cha dakika tisa ambamo ulimuuliza mtafiti kama matokeo yake yalitokana na panya au binadamu, kisha ukamtafuta mtafiti wa pili asiyehusika na utafiti ule akueleze udhaifu wake, hicho kitangulize. Kwa kazi za redio weka pia maandishi yake yote, na umwelekeze mjumbe dakika anayopaswa kuisikiliza kwanza, maana hana saa nzima. Kwa kazi za Kiswahili, tafsiri kwa uaminifu na uambatanishe na kazi asilia. Usiirembe tafsiri. Majopo huwa na watu wanaozijua lugha nyingi, na tafsiri iliyonogeshwa kuliko kazi yenyewe hugunduliwa, na ikigunduliwa faili linafungwa. Chini ya kila sampuli weka mistari miwili: habari uliipataje, ilikuchukua muda gani, nini kilifuata baada ya kutoka. Kama ulikosea ukatoa sahihisho, sema. Binafsi namwamini zaidi anayenionyesha sahihisho lake.

Barua za wadhamini ndizo zinazoharibika kimyakimya, kwa sababu wewe huzioni. Wengi hutafuta mtu mwenye cheo kikubwa. Nimesoma barua za wakurugenzi zilizosema mwombaji ni "mchapakazi, mwadilifu na anayejituma," na hapo ndipo zilipoishia. Nimesoma pia barua ya mhariri wa zamu, mtu asiyejulikana nje ya chumba chake cha habari. Alieleza kwamba usiku mmoja, taarifa ikiwa imeshapangwa kurushwa, mwombaji alimpigia simu akamwomba aiondoe. Alikuwa amesoma tena ule utafiti na kugundua kwamba ulifanywa kwa watu 12 tu, tena bila kundi la kulinganisha. Walibishana. Taarifa ikaondolewa. Barua ile ilikuwa nusu ukurasa, nasi tulirudi kuisoma mara tatu.

Basi mtafute aliyekuona ukifanya kazi. Mpe muda, mwezi mzima ukiweza, na umpe pendekezo lako, masharti ya programu na vikumbusho vya matukio mawili au matatu anayoweza kuyasimulia. Huko si kumwandikia barua, ni kumsaidia kukumbuka. Mdhamini mmoja akiwa mwanasayansi uliyewahi kumhoji, na akathibitisha kwamba ulimnukuu sawasawa, umepata kitu ambacho cheti hakikupi.

Jambo lingine ambalo hukuuliza: umekuwa ukiomba aina moja tu ya ufadhili, nao ndio mgumu kuliko zote. Zipo nyingine. Taasisi ya HITS ya Heidelberg, Ujerumani, tangu mwaka 2012 imekuwa ikimpokea mwanahabari mmoja mmoja kuishi na kufanya kazi kati ya watafiti wake wa hesabu na kompyuta kwa miezi michache. Baraza la Utafiti la Ulaya linafadhili programu ya FRONTIERS, inayowapeleka wanahabari kwenye taasisi za utafiti za Ulaya kwa miezi 3 hadi 5. Maabara ya viumbe wa baharini ya Woods Hole, Marekani, ina programu ya Logan, fupi sana, ambamo mwanahabari huvaa koti la maabara na kufanya majaribio kwa mikono yake mwenyewe. Umoja wa Wanajiosayansi wa Ulaya (EGU) hutoa ruzuku kwa anayetaka kufuatana na watafiti uwandani. Mashirika ya Pulitzer Center na Earth Journalism Network hufadhili habari moja moja: unaleta wazo, bajeti na barua ya mhariri aliye tayari kuchapisha. Barua hiyo ya mhariri ndiyo huwakwamisha wanahabari wa kujitegemea kama wewe, kwa hiyo anza nayo kabla hujaandika neno jingine. Na soma masharti ya kila mwaka upya, maana hubadilika. Ipo pia programu ya AAAS, chama cha kuendeleza sayansi cha Marekani, ambayo wengi hukosea kuiomba: yenyewe huwachukua wanafunzi wa sayansi na kuwapeleka kwenye vyumba vya habari. Njia yake ni kinyume cha yako.

Nakushauri upande kwa hatua. Ruzuku ya habari moja ikikupa makala nzito kuhusu mbu na matangi, makala hiyo itakuwa sampuli yako ya kwanza kwenye maombi ya mwaka mzima. Waliochaguliwa wengi niliowaona walipita njia hiyo.

Kuhusu fedha, soma hadi mstari wa mwisho. Je, posho inatolewa kwa mwezi au kwa mafungu? Nauli, viza na bima ya afya vimo au ni juu yako? Inakatwa kodi? Unaruhusiwa kwenda na familia? Programu za mwaka mzima kwa kawaida hukutaka uache kazi za habari kwa muda huo, na kwa asiye na mwajiri wa kurudi kwake, hilo si dogo. Fursa inayokudai ada ya "kushughulikia maombi" iogope.

Lipo sharti moja ambalo kwangu halina mjadala. Tafuta mahali panaposema nani ana haki ya kuisoma kazi yako kabla haijatoka. Mfadhili, awe kampuni ya dawa, wakfu au chuo, akitaka kuipitisha kwanza, usitie sahihi. Wafadhili wazuri huandika waziwazi kwamba hawataingilia uhariri. Wasipoandika, waulize kwa barua pepe na uitunze. Kisha kwenye kila utakachochapisha kutokana na ufadhili huo, mwambie msomaji wako nani aliyekilipia.

Ukiitwa kwenye usaili, jiandae kwa maswali mawili. La kwanza: eleza utafiti mmoja uliousoma hivi karibuni na useme udhaifu wake. La pili: lini ulikosea? Anayejibu kwamba hajawahi kukosea hututia wasiwasi kuliko aliyekosea vibaya. Na usiiachie akili bandia ikuandikie pendekezo. Hata pale masharti yanaporuhusu, aya zinazotoka huko zinafanana na ile yako ya kwanza: safi, za kweli, na zinazomfaa mtu yeyote.

Sasa wiki tano. Mara mbili ulizokataliwa haziwi doa, wengi huchaguliwa baada ya kurudi. Wanachokiangalia kwa anayerudi ni kama kuna kilichobadilika. Kwa hiyo omba, lakini kwa sharti. Wiki hii ya kwanza waombe wadhamini, maana bila wao hakuna ombi, na zungumza na mtafiti wa mbu angalau mmoja. Mwisho wa wiki hiyo, kama swali lako bado limesimama, tumia wiki mbili kuandika, ya nne mpe mhariri mkali akusomee, na utume siku kadhaa kabla ya siku ya mwisho, kwa kuwa mifumo ya kupokea maombi huelemewa saa za mwisho. Kama mtafiti atakwambia swali lako limeshajibiwa, au wadhamini hawapatikani, iache programu hii na upeleke nguvu kwenye ruzuku ya habari moja.

Mtafiti huyo mwandikie leo, mistari mitano tu. Usimwombe akueleze malaria. Muulize ni tokeo gani la miaka hii miwili lililomshangaza, na kwa nini. Jibu lake likikupindulia swali, lipindue, hata kama kurasa tatu zimeshaandikwa. Kisha nitumie hiyo aya mpya ya kwanza niisome.